Bima itakayokuwepo ukifika miaka 75

Karatasi nne zilikuwa mezani, barazani kwake Mbezi Beach, zimebanwa kwa kikombe cha chai ya tangawizi zisipeperushwe na upepo wa bahari. Mama mkubwa alikuwa na miwani ya kusomea na kalamu nyekundu. Kila karatasi ilitoka kampuni moja ya bima, na kila bei alikuwa ameizungushia duara. Ya chini kabisa aliiwekea nyota.

"Hii," akaniambia. "Milioni mbili na laki nne kwa mwaka, na dawa zangu za presha zimo humo humo."

Nikaichukua, nikaigeuza nyuma. Mstari wa tatu kutoka chini uliandikwa kwa herufi ndogo kwamba mkataba hautahuishwa mwanachama akishatimiza miaka 70. Yeye wakati huo alikuwa na 65.

"Mama mkubwa, hawa wanakuacha baada ya miaka mitano."

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. "Bibi yenu alifika 91," akasema.

Tangu jioni ile nimekaa na watu wengi wenye umri wake, na wote nakuta wameanza pale alipoanzia yeye: kwenye bei. Naandika makala haya kwa sababu naamini ni pahali pabaya pa kuanzia. Kwa mtu anayezeeka nje ya nchi ya uraia wake, swali la kwanza ni kama bima hiyo itakuwa bado inamtambua akiwa na miaka 75, mwaka ambao ataihitaji kuliko miaka yote aliyoilipia. Ukishapata jibu la swali hilo kwa maandishi, ndipo uanze kutafuta namna ya kupunguza bei. Na namna zipo.

Watu ninaowasema ni wengi Dar es Salaam kuliko tunavyodhani. Wapo waliozaliwa hapa, wakaenda Uingereza, Marekani, Kanada au Oman, wakachukua uraia wa huko, sasa wamerudi. Wapo Wakongo waliokuja ujanani kupiga muziki na hawakuondoka tena. Wapo walimu na wahandisi kutoka Ulaya na India walioletwa na mradi wa miaka mitatu, miaka thelathini ikapita. Wapo Wakenya na Waganda waliostaafu kazi hapa hapa. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mama mkubwa, aliyezaliwa Ilala, anaishi katika mji wake wa kuzaliwa kwa kibali cha ukaazi, na pasi yake ni ya Uingereza. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliyoleta Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania yaligusa mambo ya uhamiaji na ardhi. Kitanda cha hospitali kila mmoja anajitafutia.

Tuanze na kile alichokiacha nyuma, kwa sababu hapo ndipo makosa makubwa hufanyika, na hufanyika mapema, kabla hata mtu hajashuka uwanja wa ndege.

Mama mkubwa alikuwa muuguzi England kwa miaka 31. Makato ya bima ya taifa yalitoka kwenye mshahara wake kila mwezi, na aliamini moyoni kwamba ameshanunua matibabu ya uzeeni. Haiko hivyo. Haki ya kutibiwa bure na NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, haitokani na miaka uliyochangia, inatokana na kuishi kule. Ukihama moja kwa moja, imekwisha. Ukirudi kwa matembezi ukaugua, utaonwa na daktari wa kawaida bure, na chumba cha dharura watakupokea bure, lakini ukilazwa wodini unaweza kuandikiwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya matibabu hayo. Muuguzi aliyewalaza wengine miaka yote ile hakuwa anaijua habari hii. Na pensheni ya serikali ya Uingereza, iliyoanza kuingia alipofikisha 66, kwa mtu anayeishi Tanzania hubaki pale pale ilipoanzia. Nyongeza za kila mwaka wanazopata walioko kule hazimfikii. Kwa hiyo ada ya bima itapanda kila mwaka huku kipato kimesimama. Hesabu ya bima ya uzeeni lazima ifanywe ukijua hilo.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao watu hawautumii. Raia wa Uingereza akirudi kuishi kule kweli, kwa maana ya kuhamia, haki yake ya NHS huanza siku anayofika. Hakuna kipindi cha kungojea. Mama mkubwa ana binti Reading, kule Uingereza, mwenye chumba cha ziada. Chumba hicho ni sehemu ya bima yake, na nilimwomba aandike hivyo kwenye hesabu zake.

Kwa wa Marekani mambo ni tofauti. Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, hailipii matibabu nje ya Marekani ila katika mazingira machache mno, na Dar es Salaam haimo. Sehemu A ya mpango huo, ile ya kulazwa, kwa aliyefanya kazi miaka kumi na kuchangia ni bure, na inabaki yako hata ukiishi Tegeta. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, inalipiwa: mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, yaani dola 2,220 kwa mwaka. Ukiacha kulipa kisha ukataka kurudi, utaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyokaa nje ya mpango, na nyongeza hiyo utatembea nayo maisha yako yote ya Sehemu B. Aliyeacha miaka mitano analipa nusu zaidi. Nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kuendelea kulipia kitu kisichofanya kazi hapa. Mimi huuliza swali moja: ukiambiwa leo una saratani, utapanda ndege kwenda kwa watoto wako Houston au utatibiwa hapa? Anayejibu Houston bila kusita, aendelee kulipa. Aliyekwisha kuuza nyumba na watoto wake wako Dar, fedha hiyo ina kazi bora zaidi hapa.

Wa Kanada wana hesabu ya siku. Ontario, kwa mfano, hutaka uwe ndani ya mkoa siku zisizopungua 153 katika kila miezi 12 ili bima yake ya afya ikutambue. Anayekaa Dar mwaka mzima asiihesabu kadi yake.

Ukishaona hivyo, utaona kwamba magonjwa kwa mtu wa ugenini yamegawanyika mara mbili: yanayosubiri ndege na yasiyosubiri. Nyonga iliyochakaa inasubiri. Mtoto wa jicho anasubiri. Saratani nyingi zinatoa wiki kadhaa za kufunga mizigo. Kiharusi hakisubiri, wala moyo, wala bodaboda iliyokugonga Mwenge jioni. Mtu mwenye pa kurudi, kama mama mkubwa, anahitaji bima ya Dar kwa ajili ya yasiyosubiri hasa, na hilo peke yake linapunguza bei. Mtu asiye na pa kurudi, kama mpiga gitaa mmoja wa Lubumbashi aliyezeekea Sinza, anahitaji bima ya yote, na kwake ningesema abane vitu vingine vyote lakini asibane hapo.

Sasa kwa nini bima nafuu inamfukuza mtu akifika 70? Si kwa ukatili. Kampuni inakusanya ada za watu elfu moja na kuwalipia wachache wanaougua mwaka huo. Kijana analipia zaidi ya anachokitumia, mzee anatumia zaidi ya anachokilipia. Kampuni isiyotaka wazee ina njia tatu: kuwazuia kuingia, kuwapandishia ada hadi watoke wenyewe, au kuweka umri wa mwisho. Ile yenye umri wa mwisho ndiyo inayoweza kuuza kwa bei ya chini leo, maana inajua miaka ya gharama kubwa haitakuwa yake. Bei ya chini na mstari ule wa herufi ndogo ni kitu kimoja.

Na mikataba mingi ya bima binafsi za afya hapa nchini ni ya mwaka mmoja mmoja. Watu hudhani wamejiunga na kitu, kumbe wamenunua miezi 12. Mwezi wa 13 kampuni inaweza kuja na masharti mengine. Tulipiga simu kampuni sita kwa ajili ya mama mkubwa. Mbili zilikataa pale pale, hazipokei mwanachama mpya aliyevuka 60. Nne zilitoa bei, na kati ya hizo ni moja tu iliyokuwa tayari kuandika kwamba mwanachama aliyeingia kabla ya 66 ataendelea kuhuishiwa bila ukomo wa umri, mradi asikatishe kulipa. Haikuwa na nyota kwenye karatasi yake. Ilikuwa ya tatu kwa bei.

Linganisha na mtumishi wa umma wa Tanzania. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, humkata mtumishi asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake huweka 3 nyingine. Akistaafu, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Alilipa akiwa na nguvu, anabebwa nguvu zikipungua. Hiyo ndiyo bima kama inavyopaswa kuwa. Na mchangiaji aliye kazini anaweza kuandikisha wategemezi wanne, wakiwemo wazazi wake au wa mwenza wake. Nimekuta familia zinazohangaika na kampuni binafsi kwa ajili ya baba aliyerudi, wakati binti yake ni mwalimu wa shule ya serikali Ukonga na nafasi mbili za wategemezi ziko wazi. Anzeni kuuliza hapo kabla hamjafungua pochi.

Nije kwenye namna ya kupunguza bei bila kujifungia mlango. Mama mkubwa ana daftari. Wauguzi wa zamani wana tabia ya kuandika. Humo ameorodhesha kila shilingi aliyotumia kwa afya yake kwa mwaka mmoja: kumwona daktari mara saba, 240,000, dawa za presha, 35,000 kila mwezi, jumla 420,000, vipimo vya damu na figo mara mbili, 180,000, jino moja, 120,000. Jumla 960,000.

Ile kampuni ya tatu kwa bei ilitaka 3,900,000 kwa mkataba wenye matibabu ya nje, yaani ya bila kulazwa, na ya kulazwa, na 2,100,000 kwa kulazwa peke yake. Tofauti ni 1,800,000. Yaani angelipa karibu mara mbili ya anachotumia ili mtu mwingine amlipie vidonge vyake. Tukavikata. Dirisha la dawa analipia mwenyewe, kitanda analipiwa na bima.

Jumla yake sasa ni 2,100,000 ya ada na 960,000 ya mfukoni, yaani 3,060,000 kwa mwaka. Ni zaidi ya ile karatasi yenye nyota kwa 660,000. Kiasi hicho ndicho anacholipa ili asitolewe akifika 70, na nilipomwekea hesabu hivyo hakubishana tena. Alisema tu kwamba anatumia zaidi ya hapo kwa vifurushi vya simu na sadaka za misiba.

Hesabu hiyo haimfai kila mtu. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo huenda hospitali mara tatu kwa wiki na kurudi nyumbani kwake kulala, hajalazwa. Dawa nyingi za saratani hutolewa vivyo hivyo, unakaa kwenye kiti saa chache unaondoka. Kampuni moja huhesabu huduma hizo upande wa kulazwa, nyingine upande wa matibabu ya nje, nyingine huziweka kwenye fungu la peke yake lenye kikomo kidogo. Kabla hujakata matibabu ya nje, uliza kwa barua pepe, usiulize kwa mdomo: kusafisha damu na dawa za saratani ziko fungu gani, na kikomo chake ni shilingi ngapi? Jibu likija, lichapishe, lihifadhi pamoja na hati ya bima.

Kuna jambo jingine ambalo limeniumiza zaidi ya yote.

Jirani yangu wa zamani ni Mholanzi, fundi wa visima, aliyefika nchini miaka ya themanini na kujifunza Kiswahili chake Iringa. Hadi leo husalimia "kamwene". Akiwa na miaka 69 alikatiwa bima na wakala mmoja, wakiwa wamekaa kwenye mgahawa Kijitonyama. Fomu ilikuwa na maswali ya afya kurasa mbili. Alilipa ada miaka miwili bila kukosa. Usiku mmoja kifua kikabana, akapelekwa hospitali, akalazwa ICU, chumba cha mahututi, siku sita. Kampuni ikaomba faili lake kutoka kliniki aliyokuwa akitibiwa, ikakuta ameandikiwa dawa za presha tangu 2014. Kwenye fomu, swali la presha lilikuwa limewekwa alama ya "Hapana". Madai yakakataliwa yote. Bili ilikuwa milioni 19.

Nimeiona nakala ya fomu ile. Alama zote za vyema, ukurasa wa kwanza na wa pili, zimewekwa kwa wino wa bluu. Saini yake chini ni ya wino mweusi. Kalamu mbili. Wakala alijaza, mzee akasaini. Nilipomuuliza, alisema wakala alimwambia, "Mzee, presha tuiache, ada itapanda bure." Akaamini kwamba kijana anamsaidia.

Wakala alipata kamisheni yake siku ile ile. Watoto wa mzee walitafuta fedha Utrecht, na sisi majirani tukachanga kwenye kundi la WhatsApp, elfu hamsini hamsini. Mzee alipona, lakini bima hana tena, na akiwa na miaka 71 na moyo uliokwisha kuandikwa, hakuna wa kumpokea. Sitaki kulisema jambo hili kwa upole. Wakala anayemshauri mzee afiche ugonjwa anamwibia ada zote atakazolipa tangu siku hiyo.

Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa unayejiunga. Fomu ikiwa na uongo, kampuni ina haki ya kuuvunja, hata kama uongo ameuandika mwingine. Kwa hiyo nenda kliniki kwako kwanza, omba nakala ya faili lako, kaa nalo ukijaza fomu kwa mkono wako. Andika presha. Andika sukari. Andika ule upasuaji wa 1998. Kampuni itafanya moja kati ya mambo matatu: itaongeza ada, itakuambia ungojee miezi kadhaa kabla ugonjwa huo haujalipiwa, au itauondoa kabisa. Kungojea kunavumilika. Ada ya juu kidogo inavumilika. Kuondolewa moja kwa moja kwa presha kwa mtu wa miaka 65 kunahitaji macho makali, kwa sababu kampuni inaweza kudai kwamba kiharusi na moyo ni watoto wa presha, na hapo utakuwa umenunua bima ya malaria. Waulize waandike: kiharusi kikinipata, mtalipa au hamtalipa?

Na ukinyimwa haki, kuna pa kwenda. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyoipa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, nguvu zake, na chini ya sheria hiyo ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, isiyohitaji uwe na wakili. Wazee wengi wa kigeni hawaendi kwa kudhani ofisi hizo si zao. Mkataba uliosainiwa hapa na kampuni iliyosajiliwa hapa unawahusu, pasi iwe ya rangi yoyote.

Kuhusu kipindi cha kungojea, kosa la kawaida ni kuacha bima ya zamani siku mpya inapoanza. Mama mkubwa alirudi na bima ya kimataifa aliyoinunua 2021, nzuri, ila ilipanda kila mwaka hadi ikakaribia mara mbili ya ilivyoanza. Kampuni mpya ilitaka miezi 12 ya kungojea kwa presha. Tuliomba kampuni ya zamani barua ya kuthibitisha kwamba amekuwa na bima mfululizo na presha ilikuwa inalipiwa. Kwa barua hiyo, kampuni mpya ikafuta kungojea. Ilichukua wiki tano na simu nyingi. Angeiacha ya zamani kwanza, barua hiyo isingekuwa na maana.

Bima za kimataifa zenyewe sizipingi. Nyingi huahidi kukuhuisha hadi kufa, na ahadi hiyo ina thamani kubwa. Tatizo lake ni ada, inayokuja kwa dola au pauni. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700 kabla ya kushuka. Aliyekuwa na ada ya dola 3,000 na kipato cha pango la nyumba kwa shilingi anajua alivyolala. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kuuziana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba wa kampuni ya hapa utaulipia kwa shilingi. Wa London utaendelea kulipwa kwa fedha ya London. Anayeichagua ya kimataifa apunguze bei kwa njia mbili: aiondoe Marekani kwenye eneo la bima, maana ndiyo inayobeba gharama kubwa kuliko nchi nyingine, na akubali kubeba mwenyewe kiasi cha kwanza cha kila bili, tuseme dola 1,000, awe nacho benki. Kisha aulize nani atazungumza na hospitali usiku. Bima nyingi za nje hulipa baada ya wewe kulipa, au hutuma barua ya dhamana baada ya simu kadhaa, na hospitali binafsi za hapa hutaka amana mkononi kabla ya kulaza mtu ambaye kadi yake haitambuliki.

Eneo la bima lina mjadala wake. Zamani kila mwenye uwezo alitaka India imo. Zipo bima zinazouzwa Dar zenye Afrika Mashariki na India, na bado zina maana kwa baadhi ya watu. Lakini tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Upanga, MOI iko jirani yake kwa mifupa na ubongo, Ocean Road kwa saratani, na Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017. Kwa magonjwa yasiyosubiri ndege, hospitali iliyo dakika arobaini kutoka kwako ina thamani kuliko iliyo Chennai. Mama mkubwa alichagua Afrika Mashariki, na sikumpinga. Kwa wanaoishi mbali, Mafia au Ruaha, uanachama wa ndege za wagonjwa, kama zile za AMREF zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ni bei ndogo, ila zinalipia safari, matibabu ni bili nyingine.

Na ile bima ya dola 44 ambayo Zanzibar huwatoza wageni tangu Oktoba 2024, mtu asiihesabu. Ni ya msafiri, siku 92, kwa ajali na dharura. Haimjui mgonjwa wa sukari.

Kabla ya kulipa, nenda hospitali utakayoikimbilia, si tovuti ya kampuni. Simama kwenye dirisha la bima asubuhi, siku isiyo na msongamano, umsalimie dada aliyekaa hapo, umuulize kadi zipi anazipitisha bila kupiga simu na zipi zinamweka mgonjwa kwenye benchi. Anajua kuliko vipeperushi vyote. Machi 2024, kitita kipya cha bei ambazo NHIF huzilipa hospitali kilipoleta mvutano, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kuwahudumia wenye kadi za NHIF kwa siku kadhaa, na wazee wenye kadi halali walirudishwa getini. Mzee awe na hospitali mbili zinazoipokea kadi yake, moja ya umma na moja binafsi.

Namna ya kuingia kupitia kikundi, kwa mfano kampuni ndogo ya mtoto wako, huvutia kwa sababu mara nyingi hawaulizi maswali mengi ya afya. Tahadhari yake ni moja: kampuni ikifungwa au mtoto akibadilisha biashara, wewe uko nje, na sasa una 73.

Ninachokitaka kutoka kwa TIRA ni kanuni mbili. Ya kwanza, umri wa mwisho wa kuhuisha uandikwe ukurasa wa mbele wa kila karatasi ya bei, kwa herufi za ukubwa ule ule wa bei. Ya pili, aliyelipa bima ya afya kampuni moja miaka mitano mfululizo asiweze kuachwa kwa sababu ya umri wala kwa sababu ya ugonjwa alioupata akiwa mwanachama. Kampuni zitasema ada itapanda. Itapanda kidogo kwa wote, wakiwemo vijana ambao nao wanazeeka. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, lilikubali wazo kwamba mzima na mgonjwa, kijana na mzee, wakae kapu moja. Mgeni mkaazi anayelipa kodi hapa, aliyezeekea hapa, atakayezikwa Kinondoni, awe na nafasi kwenye kapu hilo kwa mchango unaoeleweka, na asiachwe kwenye soko ambalo linamtaka akiwa na miaka 50 tu.

Mama mkubwa anahuisha mkataba wake tarehe 14 Novemba. Atakuwa na miaka 67. Barua inayosema hataachwa kwa umri iko kwenye faili la kijani, juu ya friji, pamoja na nakala ya faili lake la kliniki na namba ya simu ya binti yake wa Reading. Kwenye simu yangu nimeweka kengele ilie tarehe 15 Septemba, ili tupate siku sitini za kusoma karatasi mpya wote wawili, kuanzia ukurasa wa nyuma.